Naomba ushauri: Premio la mkononi, la kuagiza Japani, Mark X au gari jipya? Bajeti milioni 26

Baba Watatu

Wakuu kwema?

Natafuta gari dogo la familia, la chini, lenye buti la maana. Nyumbani tupo mimi, mke, watoto watatu (wa kwanza darasa la sita, wa mwisho miaka miwili) na dada wa kazi. Tunakaa Goba. Kutoka lami hadi getini ni vumbi, na masika likipita linabaki korongo katikati ya njia. Kazini ni Posta, na Desemba lazima tupande Moshi kuhesabiwa.

Mfukoni nina milioni 26. Benki ninayopitishia mshahara wapo tayari kuniongezea nyingine 15, ila mkopo siupendi. Vinavyonichanganya ni hivi:

Kuna Toyota Premio la mwaka 2008, injini ya lita 1.5, namba D, mwenyewe anataka 17.5. Kuna kuagiza Premio au Allion la 2012 kwenda mbele. Kuna Mark X la 2010, dalali anasema 19 na anashuka, na roho yangu hapo ndipo ilipo, sitaki kuwaficha. Halafu kuna mama watoto, ambaye anasema ukinunua gari la mtu umenunua na matatizo yake, kwa hiyo tuchukue jipya dogo, mfano hizi Suzuki zinazotengenezwa India, hata kwa mkopo.

Naomba kuwasilisha.

Siti ya Dirishani

Ngoja waje wenye magari. Mimi natumia la serikali, basi la mwendokasi, lile la abiria 150 linalopita njia yake lenyewe. Nakaa hapa najifunza.

Fundi Asiye na Haraka

Baba Watatu, kaka, swali la jipya au la mkononi utalijibu mwishoni. Anza na hilo korongo la Goba.

Mark X nalilaza gereji kila wiki, nalijua uvunguni kuliko juu. Ni gari la lami. Limekaa chini, bampa la mbele refu, na ukipakia watu watano na mizigo ya Desemba linazidi kuinama. Kwenye tuta la mtaani lile walilojenga wananchi wenyewe kwa hasira, linagusa. Watu wanaweka spesa kulinyanyua, halafu baada ya muda wanarudi kulalamika bushi na shokapu. Injini yake ya 2.5 ni V6 (silinda sita), 4GR-FSE, inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Nzuri sana ikitunzwa. Lakini siku ya plagi unanunua sita, na koili nazo ni sita. Ukitoka Goba saa kumi na mbili asubuhi ukashika foleni mpaka Posta, geji ya mafuta utaiona inavyoshuka.

Premio ni habari nyingine, ila watu wanasema "Premio" kama vile ni moja. Angalia namba ya chesesi. NZT240 ni lile la zamani, 2001 hadi 2007, injini ya 1NZ-FE ya 1.5 na giaboksi ya kawaida ya gia nne. Hilo hata fundi wa chini ya mwembe analijua. AZT240 ni 2.0 yenye injini ya D4, inayopuliza petroli ndani ya silinda kama ile ya Mark X, hilo mwachie mwenye moyo, linachagua mafuta. Kuanzia 2007 ni 260: NZT260 ni 1.5, ZRT260 ni 1.8, ZRT261 ni 2.0. Hizi za 260 za kuvuta mbele zinatumia giaboksi ya CVT, ya mkanda, haina gia za kuhesabu.

Hapo kwenye CVT ndipo familia nyingi zinapolizwa. Ina oili yake maalumu, na imeandikwa kwenye kijiti au kwenye kitabu cha gari. Fundi akikuwekea ATF, oili ya giaboksi za kawaida, kwa sababu "oili ni oili", gari litatembea vizuri tu siku hiyo, na wiki hiyo. Baadaye linaanza kuvuta kwa kusitasita, ukikanyaga injini inalia lakini mwendo hauji. Hapo unaelekea mitaa ya vipuri, Gerezani au Shaurimoyo, kutafuta giaboksi ya mkononi. La 2008 uliloonyeshwa ni 260, kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenyewe: oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, na nani, na aina gani? Akijibu "hili halijawahi kufunguliwa", asidhani amekusifia gari.

Mama Ndoto

Samahani baba, mimi nimeishia kwenye hesabu ya watu. Wewe, mama, watoto watatu, dada. Hao ni sita. Premio ina siti tano, Mark X siti tano, hiyo Suzuki siti tano. Siku ya kwenda kanisani nani anabaki? Kwa nini hufikirii Wish au Noah?

Baba Watatu

Mama Ndoto, nimekuelewa. Dada Desemba anakwenda kwao Singida, na siku za kazi anabaki nyumbani na mdogo. Jumapili ibada yake ni tofauti na yetu. Noah nimekataa kwa sababu moja: mtaani ukiwa na Noah unakuwa gari la misiba. Kila Jumamosi unagongewa.

Mama Ndoto

Hahaa, hapo sina neno. Ila huyo wa miaka miwili anahitaji kiti chake cha kufungwa na mkanda, na kile kiti kinakula nafasi ya mtu mzima. Kabla hujalipa hata mia, nenda na watoto wote watatu na hicho kiti, wapange siti ya nyuma, funga milango, kaa humo dakika kumi. Utajua kama Moshi mtafika mnaongea.

Mzee wa Bandarini

Nije kwenye kuagiza, maana huko ndiko watu wanaingia na bei ya mtandaoni wanatoka na mshtuko.

Bei unayoiona kwenye tovuti ya Wajapani, hata ile ya kufika Dar, ni nusu ya safari. TRA hawaangalii risiti yako tu, wana mfumo wao wa thamani za magari yaliyotumika, ingiza modeli, mwaka na ujazo wa injini, utapata makadirio kabla hujatuma dola. Kwa gari dogo la kati ya cc 1000 na 2000 mambo yanakwenda hivi: ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa 5%, VAT 18%. Ukivuka cc 2000, ile 5% inakuwa 10%, kwa hiyo Mark X inakupiga na hapo. Halafu kuna adhabu ya uzee: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezwa 15%, likipita 10 linaongezwa 30%.

Chukua mfano TRA wamelithaminisha gari milioni 10, la 1.5. Forodha 2.5, tunafika 12.5. Kwenye hiyo 12.5 ushuru wa bidhaa ni laki sita na ishirini na tano elfu. Kama limepita miaka 10, uzee peke yake ni milioni 3.75. VAT inapigwa juu ya vyote hivyo, inakuja milioni 3 na kidogo. Jumla ya kodi inakaribia milioni 9.9, yaani umelinunua gari mara mbili, na hapo sijaweka tozo ndogo ndogo, wakala, bandari na usajili. Gari hilohilo likiwa chini ya miaka 8 kodi ingekuwa kama milioni 5.5. Tatizo la chini ya miaka 8 ni kwamba bei yake ya kununulia iko juu, na Premio na Allion ziliacha kutengenezwa 2021, kwa hiyo zilizo changa zinagombaniwa na nchi nzima.

Kwa hiyo kijana wangu, la 2012 linakula kodi yote ya uzee. Kwa milioni 26 unaweza kulipata, lakini utabaki mweupe.

Mvita Damu

Salaam kutoka Mombasa. Nyinyi mna bahati, mwaweza kuchagua kulipa huo uzee. Huku Kenya gari ikizidi miaka 8 haiingii kabisa, ndiyo maana Premio yauzwa bei ya kiwanja. Mimi ninayo ya 1.5, twabeba watoto wawili na nyanya yao mpaka Malindi kila likizo. Si gari ya kujionyesha. Ukipita, hakuna ageukaye. Lakini kipuri chochote, duka lolote, makanika yeyote. Mark X nalo ni zuri, ila huku vijana wameliharibia jina, polisi wakiliona wasimamisha kwanza, sababu watafuta baadaye.

V6 Pekee

Mnamtisha bure mwenzenu. Mark X inakaa barabarani. Ukitoka Chalinze kwenda Segera, unalipita lori mara moja ukarudi upande wako, siyo hizo 1.5 mnaanza kuomba dua katikati ya kulipita. Usalama wa familia ni pamoja na nguvu ya kupita.

Fundi Asiye na Haraka

V6 Pekee, hapo sikupingi hata kidogo, 1.5 ikiwa na watu watano na kiyoyozi inahitaji subira. Ndiyo maana kama kuna nafasi, 1.8 ya ZRT260 ndiyo ningemshauri, kodi iko daraja lilelile la chini ya cc 2000. Ila korongo la Goba haliulizi nguvu za farasi.

Mtumishi wa Umma

Niseme kuhusu jipya, kwa sababu nimelinunua na mkopo wa benki. Raha yake ni ya kweli: unawasha, unaondoka, dhamana ya kiwandani (waranti) ipo, hakuna simu ya fundi. Lakini wajue haya. Benki wanataka bima kubwa muda wote wa mkopo, kila mwaka, siyo ile ndogo ya mtu wa tatu. Jina la benki linakaa kwenye kadi, huwezi kuuza ukibanwa. Dhamana inakufunga kufanya sevisi kwa waliokuuzia, kwa bei yao. Na jipya la bei hiyo ni dogo kuliko Premio, siti ya nyuma watoto watatu wakikua watasukumana. Shemeji ana hoja kuhusu matatizo ya mtu, ila marejesho ya kila mwezi nayo ni tatizo, tena hili ni lako mwenyewe.

Baba Watatu

Aisee, Mtumishi wa Umma, hiyo ya mwisho nimemsomea mama watoto. Amenyamaza, halafu akasema basi hilo la mkononi likaguliwe na mtu asiyemjua dalali. Mark X nimeliaga rasmi (V6 Pekee nisamehe). Kuagiza nimeacha kwa hesabu ya Mzee wa Bandarini, shikamoo mzee. Tumebaki na lile la 2008. Fundi, nikienda kuliangalia niangalie nini?

Mzee wa Bandarini

Marahaba.

Fundi Asiye na Haraka

Mwambie mwenyewe asiliwashe kabla hujafika. Fika asubuhi, gusa boneti, iwe ya baridi. Ukikuta ya moto, kuna kitu amekificha kwa kulipasha.

Likiwa baridi fungua mfuniko wa rejeta. Unataka kuona kulanti yenye rangi, siyo maji ya kahawia. Halafu fuata waya za feni. Ukikuta zimekatwa zikaungwa ili feni iwake muda wote, huenda themostati imeng'olewa, na huenda kuna siku gari lilichemka. Hiyo ndiyo "suluhisho" la mjini, linaficha ugonjwa mpaka upande wa Kitonga au Same kwenye joto.

Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho, chini kabisa kuna kitambulisho chenye tarehe ya kutengenezwa mkanda. Ilingane na umri wa gari kwenye kadi, na mikanda yote ilingane yenyewe kwa yenyewe. Mmoja ukiwa mpya peke yake, uliza ajali. Kilomita za dashibodi usizibishie wala usiziamini. Angalia usukani, pedeli ya breki na siti ya dereva. Pedeli imelika mpaka chuma halafu dashi inasema elfu sabini? Cheka kimoyomoyo endelea.

Endesha wewe, siyo yeye. Tafuta mlima, kanyaga taratibu, sikiliza kama injini inalia bila mwendo. Rudi, simama kwenye foleni gia ikiwa D, lisitetemeke. Kata usukani mpaka mwisho zunguka, ukisikia kokokoko ni jointi. Mwisho lipande kwenye shimo la gereji, uangalie sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kama imewahi kuchomelewa.

Na usilipe 17.5 ukadhani umemaliza. Tenga kama milioni 3 pembeni: oili zote, matairi kama yamezeeka (tarakimu nne za mwisho ubavuni ni wiki na mwaka), shokapu za nyuma, bushi. Hilo ni gari la 2008, limeishi.

Mama Ndoto

Na faini za trafiki. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wao uone deni kabla ya kubadili umiliki. Mwenye jina kwenye kadi awepo mwenyewe na kitambulisho chake, siyo "mdogo wake".

Baba Watatu

Mrejesho. Nimekwenda na fundi wa kujitegemea niliyepewa na jirani. Boneti baridi, feni waya zake za kiwandani, mikanda mwaka mmoja wote. Sampu safi. Giaboksi mwenyewe ana risiti ya oili na jina la oili lipo. Kasoro: shokapu za nyuma zimekufa, matairi mawili yana umri wa mtoto wangu wa pili, na kiyoyozi ni upepo tu. Watoto wamepangwa nyuma na kiti cha mdogo, wa katikati amelalamika lakini mlango umefungika. Nimempa 16, amegoma, ameshuka 16.8. Kadi ina jina lake, faini ipo moja na amesema ataimaliza yeye kabla ya Jumatatu.

Fundi Asiye na Haraka

Faini ailipe kwanza, uone kwa macho imesomeka sifuri, ndipo pesa itoke. Kiyoyozi usijaze gesi kabla hawajatafuta inapovujia.

Siti ya Dirishani

Desemba mkipita Kibaha mna nafasi ya mmoja? Nashukia Mombo.

Baba Watatu

Muulize wa katikati.