Upana wa ukurasa: tuujaze kioo chote au tuuwekee mpaka?

FundiKurasa
Wakuu, naomba tulijadili hili. Natengeneza tovuti ya chama cha akiba na mikopo huku Morogoro. Maandishi ni mengi: taratibu za mkopo, taarifa za mkutano mkuu, maswali ya wanachama. Nimeyaweka katikati, upana wa pikseli 640, herufi za ukubwa wa 18, pambizo nyeupe kulia na kushoto. Mwenyekiti kafungua kwenye kompyuta ya ofisini, kioo cha pikseli 1920, akanipigia hapo hapo: "Mbona umeniachia zaidi ya nusu ya kioo tupu? Nimelipia ukurasa mzima." Anataka niyatandaze mpaka ukingoni. Mimi siafiki. Mstari utabeba herufi zaidi ya mia mbili, na jicho likifika mwisho halijui lirudi wapi. Ninyi mnaweka upana gani, na mteja mnamwelezaje?

KiooKipana
Mwenyekiti yuko sahihi. Mtu hanunui kioo cha inchi 27 ili asome kijisafu cha katikati. Wikipedia ya Kiingereza ilipobadilisha sura Januari 2023 na kuyabana maandishi, wasomaji walikuja juu, ukafunguliwa mjadala mrefu wa kutaka sura ya zamani irudishwe. Haikurudishwa, ila mpaka leo pana kitufe cha kutanua ukurasa, na mimi ndicho ninachobofya kwanza. Hizi nafasi nyeupe ni mtindo wa wabunifu wa siku hizi ambao hawajawahi hata kushika gazeti.

Tisasitini
Kaka, weka pikseli 960 ulale. Enzi za vioo vya 1024 kwa 768 wote tuliweka 960, na haikuwa kubahatisha: inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 10, 12, 15 na 16. Safu yoyote unayoitaka unaipata bila desimali.

MchapajiMstaafu
Hajawahi kushika gazeti nani? Bwana KiooKipana, mimi nimepanga kurasa za gazeti miaka ishirini na saba, tangu enzi za kukata vipande vya karatasi na kubandika kwa gundi. Gazeti ni pana, ndiyo. Je, umewahi kuona habari yenye mstari unaoanza ukingo wa kushoto na kuishia ukingo wa kulia? Tunaligawa safu tano, sita, hata nane. Upana wa karatasi na upana wa mstari ni vitu viwili, na hapo ndipo mnapotuchanganya.

Na Kiswahili kina mambo yake. Chukua "wanaoshughulikia", herufi kumi na sita. Chukua "hawajatutaarifu", kumi na tano. Ukiwa na safu ya herufi thelathini, maneno hayo mawili hayakai mstari mmoja. Ukisawazisha kingo zote mbili, neno moja linabaki na mashimo pande zake, na mashimo ya mistari mitatu yakipangana unapata mto mweupe unaoteremka katikati ya habari. Nilikuwa naugeuza ukurasa juu chini ili niione hiyo mito, maana ukisoma maneno huioni. Kwa hiyo safu ikiwa nyembamba, usisawazishe kulia. Na ukikata neno, kata baada ya irabu: ng'o-mbe. Siku hizi naona watu wanaandika "ng'om-be" na hakuna mhariri anayeshtuka.

KiooKipana
Shikamoo mzee, sikukulenga wewe. Lakini hizo safu sita za gazeti si ndizo zinazojaza karatasi nzima? Hamkuacha karatasi tupu pembeni. Hoja yangu iko pale pale.

MamaZuhura
Hamjambo wanangu. Mimi si fundi wa kompyuta, nauza nguo. Hebu itazameni kanga. Pana mji katikati, pana pindo kuzunguka pande zote nne, pana jina chini ya mji. Sijawahi kumsikia mteja akisema pindo ni kitambaa kilichopotea. Ukilikata, unabaki na kitambaa kama kitambaa chochote. Huyo mwenyekiti mwonyeshe kanga, ataelewa.

BintiKisauni
Mama, mfano ni mzuri sana, ila huku kwetu Mombasa hiyo ni leso. Kanga ni ndege.

Mzizima
Dada, leso ni kile kitambaa cha kufutia jasho kilichoko mfukoni mwangu. Kanga inavaliwa. Neno lenyewe linatokana na huyo ndege wako, kwa vile za kwanza zilikuwa na madoa kama yake.

BintiKisauni
Na leso umeitoa wapi kama si kwa Wareno? Inasimuliwa kuwa wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkono vikiwa vimeungana, wakavishona pamoja vikawa vazi. Kwa hiyo hicho cha mfukoni mwako ndicho kilichozaa hiki kinachovaliwa. Na zile zenye alama ya "Mali ya Abdulla" duka lake liko Mombasa tangu karne ya kumi na tisa. Msitufundishe.

Mzizima
Sijamfundisha mtu. Nasema tu doti ya kanga ikifunguliwa Kariakoo, hakuna atakayeiita leso.

KiooKipana
Samahani, hiyo kanga au leso yenu inanitetea mimi. Jina limeandikwaje? Mstari mmoja mrefu, karibu upana wote wa mji, na nguo yenyewe ni kama mita moja na nusu. Na linasomeka vizuri kabisa! Mnaona sasa? Mstari mrefu hauna shida.

MchapajiMstaafu
Umegusa penyewe bila kukusudia. Jina la kanga ni mstari mmoja. Jicho linaanza kushoto, linamaliza kulia, kazi imekwisha. Halirudi. Tabu ya mstari mrefu haiko kwenye kwenda, iko kwenye kurudi. Ukimaliza mstari wa herufi mia mbili, jicho linasafiri kioo kizima kurudi kushoto, na likifika linakuta mistari ishirini iliyofanana. Litadandia upi? Ndiyo maana wapanga herufi wanashika kipimo cha herufi 45 hadi 75 kwa mstari. Bringhurst, ambaye wengi wetu tulisomeshwa kwa maandishi yake, aliona 66 ndiyo inayopendeza zaidi. Na mstari ukirefuka, ongeza nafasi kati ya mstari na mstari, ili jicho lipate njia ya kurudia.

Tisasitini
Sasa 66 ni pikseli ngapi? Mnahama kutoka pikseli kwenda herufi, mteja ataelewa nini?

FundiKurasa
Kaka, si lazima upige hesabu ya pikseli. CSS, ile lugha ya kupangia sura ya kurasa, ina kipimo cha ch, yaani upana wa tarakimu sifuri ya fonti unayotumia. Ukiweka mpaka wa 65ch, msomaji akikuza herufi na safu inapanuka nayo. Angalia tu kwamba sifuri kwa kawaida ni pana kuliko wastani wa herufi, kwa hiyo 65ch ya kweli inaingiza herufi zaidi ya 65. Mimi huwa naanzia 58 au 60 kisha nahesabu kwa kidole kwenye kioo.

SimuTu
Nimesoma yote haya nikiwa kwenye daladala, kwa simu yenye upana wa pikseli 360. Naomba niulize kwa heshima: wanachama wa hicho chama wana kompyuta? Mama anayetaka kujua mkopo wake umepita yuko sokoni, ana simu kama yangu. Mnagombania 1920 ya mtu mmoja, ambaye ni mwenyekiti.

Mimi mwenyewe nimejaza fomu ya taasisi moja iliyotengenezwa kwa upana usiobadilika. Kitufe cha kutuma kilikuwa kulia kabisa, nje ya kioo. Nikavuta pembeni nikakipata, nikabofya, ikaniambia nimeruka swali. Swali liko kushoto. Nikarudi, nikajaza, nikavuta tena kulia, bando likaisha. Nililia, sioni haya kusema. Ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi.

Tisasitini
Pole dada. Lakini simu ziliishatatuliwa tangu iPhone ilipotoka 2007.

SimuTu
Ziliishatatuliwa wapi! Ile ya 2007 ilikuwa inauchora ukurasa kana kwamba kioo kina pikseli 980, kisha inausinyaza wote uingie mkononi. Unaona ukurasa mzima na husomi neno hata moja mpaka ukuze. Ethan Marcotte aliandika makala yake ya kurasa zinazojibadili kufuata kioo mwaka 2010, na hadi leo kuna watu kama wewe wanaotuambia 960 ulale. Wewe ndiye uliyelala.

Tisasitini
Tusivunjiane heshima. Nimetengeneza tovuti nyingi kuliko umri wako humu.

MamaZuhura
Basi wanangu. Tisasitini, binti kakwambia lililomuuma, ungemsikiliza tu.

KiooKipana
Nakubali simu. Ila mtandao si maandishi matupu. Mimi ni mhasibu. Nina majedwali yenye safu kumi na nne: namba ya mwanachama, hisa, akiba, mkopo, riba, salio. Mkinibania hayo kwenye herufi zenu 66, kila tarakimu inashuka mstari wa pili na siwezi kulinganisha kitu. Upana ninaoutetea ni huu, na hakuna aliyenijibu tangu asubuhi.

MchapajiMstaafu
Ungeanza na hili tusingegombana. Jedwali halisomwi kama habari. Mpe jedwali kioo chote, hata mimi gazetini nilikuwa navunja safu tatu kwa ajili ya ratiba ya ligi.

SimuTu
Hata mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya mtandao, unatofautisha. Kwa ngazi yake ya juu kabisa unataka mstari wa maandishi usizidi herufi 80. Kisha toleo la 2018 likaongeza kwamba maandishi yasomeke bila kuvuta pembeni hata upana ukiwa pikseli 320, ila majedwali yameruhusiwa kuvutwa. Kwa simu, jedwali livutwe lenyewe ndani ya fremu yake, ukurasa ubaki umetulia. Na safu ya jina igande kushoto, nisisahau nasoma mkopo wa nani.

Mzizima
BintiKisauni, nimemuuliza bibi yangu, kazaliwa Tanga. Anasema kwao walitumia majina yote mawili.

BintiKisauni
Msalimie sana bibi. Umeona?

FundiKurasa
Wakuu, nimerudi kutoka kwa mwenyekiti. Nilimfungulia kifungu cha riba ya mkopo kikiwa kimetandazwa kioo chote, nikamwomba anisomee kwa sauti. Mstari wa tatu alivuka salama, wa nne akausoma mara mbili, kisha akaruka mmoja na masharti ya mdhamini yakampita. Mhazini aliyekuwa kasimama nyuma ndiye aliyemsahihisha. Sikusema neno. Nikabadilisha kuwa 60ch, akasoma mpaka mwisho bila kusita.

Taratibu za mkopo zimebaki nyembamba, katikati. Majedwali nimeyapa hadi pikseli 1200, na kwenye simu yanavutwa ndani ya fremu. Ila sasa anataka ile nafasi ya kulia iwekwe matangazo ya chama, na hapo bado tunavutana.

KiooKipana
Mimi niwekee kitufe cha kutanua, kama cha Wikipedia.

FundiKurasa
Kitufe nitakiweka. Lakini anayefungua mara ya kwanza ataukuta ukurasa umebanwa, na akitanua, chaguo lake likumbukwe kwa kivinjari hicho tu. Matangazo hayapiti pale pembeni. Kesho namrudia.