Magofu ya maonyesho ya dunia: picha ni kumbukumbu ama ni pambo tu?

Jana barazani Kibokoni, hapa Mombasa, tulikatana maneno mpaka kahawa ikapoa. Kijana mmoja kaja na simu imejaa picha za lile banda la Queens, New York, la maonyesho ya dunia ya 1964, yale mataifa yanapojionyesha, kazi ya msanifu majengo Philip Johnson, nguzo za zege zimesimama, waya za paa zipo paa lenyewe hakuna, kutu kila mahali, na zapendeza siwezi kumdanganya. Nikamwambia sawa, sasa tazama bustani ya Vincennes kule Paris. Mabanda ya maonyesho ya ukoloni ya 1907, mbao zaoza, mimea yatambaa ukutani, na wapiga picha wanapapenda kweli. Pale ndipo walipoletwa watu wa makoloni wakakalishwa kwenye vijiji vya bandia watazamwe na wenye tiketi. Kwenye picha waona ukuta na majani, basi. Ubelgiji ndo usiseme, maonyesho ya Tervuren 1897 walipelekwa Wakongo 267, saba wakafia huko huko. Kwangu mie picha ya gofu kama hilo bila maneno chini yake ni nusu ya habari, tena ile nusu tamu. Mwasemaje?

KAMERA YA MAKADARA: Kaka watuonea bure. Yale majengo mengi yalijengwa ya msimu mmoja, wageni wakiondoka hakuna bajeti hakuna mpangaji, yanaachiwa mvua. Bila picha nani angejali? Hilo la Queens watu walijitolea wenyewe kwenda kulipaka rangi, sababu walikua wanaliona linavyoliwa.

BIBI WA ROSHANI: Picha haijaponya jengo wanangu. Mnara wa Eiffel wa 1889 ulipewa miaka 20 tu usimame, ukapona kwa sababu ulipata kazi, mambo ya mawimbi ya redio. Crystal Palace ya London, lile jumba la vioo la maonyesho, ilipigwa picha mpaka basi, 1936 moto ukaila usiku mmoja. Hapa Mji wa Kale kila siku watalii wainua simu wapiga roshani yangu, boriti zishaoza kwa maji, na hakuna hata mmoja alouliza chini yake analala nani.

MWENYE MADA: Shikamoo bibi, hapo ndipo haswa. Makadara lakini hujanijibu, hiyo ya Vincennes ungeandika nini chini yake?

KAMERA YA MAKADARA: Mwaka na jina la banda.

MWENYE MADA: Na watu je?

KAMERA YA MAKADARA: Watu hawamo kwenye picha kaka, ntaandikaje... haya ntaandika waliletwa. Ila laiki zitapungua hapo, najua.

BIBI WA ROSHANI: Zipungue. Na siku ukija kupiga roshani yangu njoo na fundi.