Kikundi: Ukoo wa Pongwe, Nyumbani na Ughaibuni

ALHAMISI

Dada Rehema Houston: Asalaam aleykum ukoo. Jana niliandika, naona mmesoma, hakuna aliyejibu. Narudia. Tembo, pikapu letu la haibridi, amezima tangu Jumatatu, hawaki kabisa. Hamisi kaambiwa na gereji kompyuta ya injini imekufa, mpya pamoja na kuiingizia programu dola 1,900. Harusi ya Dallas ni Jumamosi ijayo, advansi ya pilau tumeshapokea na mchele umeshanunuliwa. Kila nyumba dola 150, mwisho kesho jioni. Mimi nimeshatoa.

Salehe Mombasa: Waaleykum salaam. Inna lillahi. Tembo kafa? Nyama inagawiwaje 😂

Dada Rehema Houston: Salehe, si wakati wake.

Salehe Mombasa: Mkonga nauchukua mimi, mapema nisije nikaambiwa nimechelewa

Binti Nuru: 😂😂😂

Dada Rehema Houston: Mnacheka. Kimbunga Beryl, Julai 2024, Houston nzima giza na joto lile, nyama zenu zililala friza la nani? Ni huyo huyo Tembo kaegeshwa uani, soketi zake za nyuma zinatoa kilowati 7.2, feni zinazunguka na majirani wanakuja kuchaji simu. Leo anaumwa mnataka mkonga.

Kassimu Gerezani: Dada Rehema shikamoo. Kabla hujakusanya hata senti, naomba niulize. Imekufa kwa kipimo gani? Hamisi, mashine ilisoma kodi gani ya hitilafu?

Dada Rehema Houston: Marhaba. Kassimu, gereji wameshapima.

Kassimu Gerezani: Kodi gani dada.

Hamisi: U0100. Inasoma moduli zote, yaani kompyuta ndogo ndogo za gari, breki, mifuko ya hewa, betri kubwa ya haibridi, isipokuwa ya injini tu. Dashibodi inawaka, ukibonyeza haiendi popote.

Kassimu Gerezani: Hapo ndipo watu wanapoliwa hela. U0100 maana yake moduli nyingine zinaita kompyuta ya injini na haiitikii. Haisemi imekufa. Asiyeitika anaweza kuwa hajasikia, au hana umeme, au waya umekatika njiani. Ingekuwa imejipima ikajiona mbovu ndani, ungeona P0606. Na ili uione P0606 lazima iwe hai kidogo ya kusema. Hapa kwetu Gerezani, Dar, kila wiki naletewa kontroli boksi, hiyo hiyo kompyuta, nzima iliyong'olewa bure, tatizo ni fyuzi au ethi, waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, imeshika kutu.

Dada Rehema Houston: Mimi sijui U wala P. Najua masufuria sita hayapandi kwenye taksi.

Salehe Mombasa: Ushauri wa kitaalamu kutoka Mombasa: piga teke tairi la nyuma kushoto, kisha soma kulhuwallahu mara tatu

Binti Nuru: Mjomba jamani 😂

Hamisi: Kuna kompyuta moja ya gari lililogongwa, dola 350, mtandaoni, namba ya kifaa ni ile ile. Nikiipata Jumamosi naifunga mwenyewe Jumapili.

Kassimu Gerezani: Usinunue! Hamisi nakuomba. Kompyuta ile imeandikwa ndani namba ya chesisi ya gari lake na inazijua funguo zake. Imobilaiza ya Tembo, ile kinga ya wizi, itaikataa, injini haitawaka. Mpaka uiandike upya kwa programu ya kiwanda, au mtu ahamishe data yote kutoka ile ya zamani, na ya zamani iwe bado inasomeka. Hata hiyo mpya ni hivyo hivyo, inakuja tupu. Na wakati wa kuingiza programu lazima wafunge chaja maalumu ya kushikilia volti za betri ndogo. Volti zikishuka katikati ya kazi, kompyuta mpya inakufa mikononi mwako.

Hamisi: Mtu wa dola 350 anasema ni kuchomeka na kuondoka.

Kassimu Gerezani: Yeye akishakuuzia ndiye anayeondoka.

Shemeji Minneapolis: Samahani nilikuwa kazini. Gari la mwaka gani na lina maili ngapi?

Hamisi: 2021. Maili 71,400.

Shemeji Minneapolis: Basi acheni kuchanga kwanza. Sheria ya hewa safi ya Marekani inamlazimisha mtengenezaji kudhamini kompyuta ya injini miaka 8 au maili 80,000, kinachotangulia. Ni kwa sababu ndiyo inayosimamia moshi. Kompyuta na katalaiza, kile kisafisha moshi, zote zimo, hata kama waranti ya kawaida imekwisha. Mpelekeni kwa wakala, mkaombe waranti ya moshi kwa jina hilo hilo. Msipoitaja wenyewe, anaweza asiitaje mtu.

Dada Rehema Houston: Mbona hukusema tangu jana!

Shemeji Minneapolis: Jana hukutaja maili.

Dada Rehema Houston: Sawa. Lakini mchango uendelee, wakikataa tutasimama wapi? Walioleta mpaka sasa: mimi, Shemeji. Wawili. Ukoo wa watu thelathini na moja.

Anti Zai Dar: Nimesoma yote kuanzia juu. Rehema mwanangu, mimi sichangi mpaka nijue yale ya gari la Noah yaliishia wapi.

Dada Rehema Houston: Shangazi, ya Noah yana uhusiano gani na pikapu?

Anti Zai Dar: Yana uhusiano na mkono unaopokea. Tulichanga, gari likauzwa, hesabu hatukuletewa. Nilinyamaza kwa heshima ya msiba. Msiba umekwisha siku nyingi.

Dada Rehema Houston: Nani aliyelipa jeneza shangazi? Nani? Au hayo hayaandikwi?

Anti Zai Dar: Ndiyo uyaandike.

Salehe Mombasa: Jamani Noah alikuwa na safina, sisi hata pikapu imetushinda

Salehe Mombasa: Basi nimenyamaza

Kassimu Gerezani: Turudi kwenye gari. Hamisi, siku ya mwisho kuwaka vizuri ni lini, na kabla ya hapo gari liliguswa na nani?

Kassimu Gerezani: Hamisi?

Hamisi: *Ujumbe huu umefutwa*

Binti Nuru: Si Jumapili tulipokuja kula? Walikuwa wanachomelea keria mpya ya masufuria. Nilipiga picha, cheche zimetoka vizuri, ngoja niitafute

Binti Nuru: 📷 Picha

Kassimu Gerezani: Lahaula. Terminali ya betri ilitolewa?

Hamisi: Fundi alisema haina haja, ni dakika kumi tu.

Kassimu Gerezani: Umeme wa kuchomelea unatafuta njia ya kurudi kwenye mashine. Klampu ya ethi ukiibana mbali, unapita popote panapopitika, kwenye bodi, kwenye nyaya za ethi, hata ndani ya kontroli boksi. Gari la kawaida unatoa betri kwanza. Haibridi ndiyo zaidi. Basi pima hivi, na nyaya za rangi ya machungwa usiziguse hata kwa kidole, hizo zinaua. Moja, volti za betri ndogo ya 12. Betri kubwa hata ijae, kompyuta inakula kwenye hiyo ndogo. Mbili, fyuzi na rilei (swichi ya umeme) ya kompyuta, upime kwa taa siyo kwa macho. Tatu, bolti zote za ethi karibu na pale palipochomelewa. Nne, toa betri, weka mita kwenye ile soketi ya kupimia chini ya usukani, pini 6 na pini 14. Upate ukinzani wa om 60 au karibu yake. Ukipata 120 waya umekatika upande mmoja. Ukikaribia sifuri nyaya zimegusana. Vyote vikiwa salama ndiyo tuishtaki kompyuta.

Shemeji Minneapolis: Hili la keria ni baya. Uharibifu wa kuchomelea waranti haiulipi. Hamisi, ushauri wangu ung'oe keria kabla ya kumpeleka, upake rangi pale. Hawataulizia wasichokiona.

Dada Rehema Houston: Naunga mkono. Hamisi ing'oe leo.

Hamisi: Grainda ninayo.

Babu: Shikamooni wakubwa. Mimi Tatu, nimeshika simu ya babu. Nimemsomea tangu juu. Anasema niandike kama anavyotamka nisipunguze.

Babu: Hamisi. Keria usiing'oe. Mpeleke gari nayo hivyo hivyo, uwaambie ilichomelewa siku gani na kwamba betri haikutolewa. Nimekaa karakana ya reli, kuchomelea nakujua. Wakikataa kulipa tutalipa, hata mimi nina ng'ombe. Wakilipa kwa kudanganywa, pilau hiyo mimi siili na jina langu msiliweke kwenye ukoo huo.

Babu: Na Rehema. Hesabu ya Noah iletwe hapa hapa, na jeneza liandikwe humo. Zaituni hajasema uongo. Nawe hujaiba, najua. Lakini iletwe.

Babu: Amesema basi. Anakunywa dawa.

Anti Zai Dar: Nimesikia baba.

Kassimu Gerezani: Ahsante babu.

Shemeji Minneapolis: Nimekosa mzee wangu. Nimeufuta ule ushauri moyoni.

Hamisi: Sawa babu. Naacha keria.

IJUMAA

Dada Rehema Houston: Babu shikamoo. Hesabu ya Noah nitaileta, daftari liko kwa mama, nipeni muda. Sasa ya leo. Wakala kasema tuje Jumatano, kupima tu ni dola 190, wakiona ni waranti hawatozi. Gari la kumbeba lazima liwe lile la sahani, abebwe mzima magurudumu yote juu. Nani anajua mtu wa bei nafuu upande wa Alief hapa Houston?

Dada Rehema Houston: Na Dallas Jumamosi ijayo twendaje? Nataka jibu la leo.

Mama Nuru Columbus: Jamani samahani zamu za usiku zinanimaliza. Natuma 150 kwa namba ipi? Na Tembo ana nini kwani?

Binti Nuru: Mama soma juu

Anti Zai Dar: Mimi natoa. Lakini nampa Hamisi mkononi mwake.

Dada Rehema Houston: Vizuri shangazi. Kama unavyoona.

Hamisi: Nimepima. Pini 6 na 14, om 61. Betri ndogo 11.4.

Kassimu Gerezani: 61 ni salama, nyaya zinaongea. Lakini 11.4 ni betri iliyolala, na kwa volti hizo kila moduli inaweza kukuzushia. Ichaji usiku kucha halafu urudie kusoma. Fyuzi? Ethi?

Hamisi: Fyuzi moja ilikuwa imeungua, ampea 15, sijui ni ya nini, kifuniko kimefutika. Ethi bado. Naingia kazini.

Kassimu Gerezani: Fyuzi hiyo usibadilishe ukawasha! Piga picha ya kisanduku kizima unitumie kwanza. Ina sababu ya kuungua.

Salehe Mombasa: Dada, rafiki yangu ana van Dallas, nikimpigia anaweza kuja kuchukua masufuria. Sisemi utani.

Dada Rehema Houston: Bei gani?

Dada Rehema Houston: Salehe bei gani?

Dada Rehema Houston: Hamisi ukitoka kazini piga hiyo picha. Na gari la sahani hamjanijibu.