Boom liingie kila mwezi, au liendelee kuja kwa mkupuo?

MHASIBU, SOWETO MBEYA: Boom, yaani hela ya chakula na malazi ambayo Bodi ya Mikopo inawapa wanachuo, ni shilingi 10,000 kwa siku, na huja kwa mkupuo wa siku kama 60, yaani laki sita. Nataka iingie kila mwezi, laki tatu tatu. Kijana wa mwaka wa kwanza pale chuoni Iyunga hajawahi kushika laki sita. Wiki ya pili ananunua simu, wiki ya sita anakopa kwenye simu hiyohiyo.

MWALIMU, KIHESA: Kamwene, ndugu yangu. Na kodi? Wenye nyumba wengi wanataka ya miezi mitatu hadi sita, mkononi. Chumba cha 40,000 kwa miezi sita ni 240,000. Kwa laki tatu yako anabakiwa na 60,000 za mwezi mzima. Elfu mbili kwa siku ni sahani ya wali maharage, basi. Mkupuo ndio unaompa geto.

MHASIBU, SOWETO MBEYA: Kwenye kodi nakubali, mwalimu. Lakini kwa mkupuo anabakiwa na 360,000, sawa na 6,000 kwa siku, na hapo ndipo hela inapoyeyuka. Basi aiache benki, kila Jumatatu ahamishie kwenye simu 42,000 tu. Asitoe elfu sita sita kwa wakala kila siku. Makato ya kutoa mara saba yanazidi ya kutoa mara moja.

AFISA MIKOPO, KABWE: Ndugu zangu, mnabishania ratiba wakati kinachomaliza watoto ni deni. Tuchukue programu inayotangaza "50,000 kwa siku saba". Inakata 7,500 palepale mwanzoni, zinaingia 42,500, unadaiwa 50,000. Wao wanaita asilimia 15. Kwa hela uliyoshika ni karibu 18, tena kwa wiki moja! Ukikwama unalipa 7,500 kusogeza wiki nyingine. Wiki nne zimekula 30,000 na zile 50,000 bado zinakusubiri. Linganisha na ukomo wa riba kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni na watu wenye leseni ya kukopesha bila kupokea amana: asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa 50,000 ni 1,750.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zinazokopesha bila leseni. Angalia leseni kabla ya kupakua. Ikiomba kusoma majina yaliyomo kwenye simu yako, kataa na uifute. Hayo majina ndiyo fimbo yao: siku ukichelewa, ujumbe unakwenda kwa mama, kwa mhadhiri, hadi kwa wanakwaya wenzako.

MAMA WA UYOLE: Shikamooni. Mwanangu anaripoti mwaka huu. Akiishiwa kabisa afanyeje? Njaa haingoji boom.

AFISA MIKOPO, KABWE: Marahaba, mama. Ajihami siku hela inapoingia. Anayejipikia akihesabu nusu kilo ya mchele au unga kwa siku, siku 60 ni kilo 30, na maharage kilo nane. Wakichanga wanne wakanunua gunia sokoni, bei inashuka. Maharage yalowekwe usiku kucha. Mbeya iko juu, yanachelewa kuiva na gesi inakwisha. Ukimtumia hela, muulize kwanza kama anadaiwa Songesha, ule mkopo wa kukamilisha muamala wa M-Pesa salio lisipotosha, kwa sababu kila kinachoingia kwenye laini kinalipa deni hilo kwanza. Unatuma 20,000 ya chakula, yeye anaona pungufu ya hapo.

MHASIBU, SOWETO MBEYA: Basi narekebisha hoja. Boom la kwanza lije kwa mkupuo kwa ajili ya kodi, yanayofuata yawe ya mwezi.

MWALIMU, KIHESA: Bado sikubali. Kila malipo yana kusaini kwake, na hela isiyosainiwa inarudi Bodi. Leo akichelewa, anachelewa mara chache kwa mwaka. Wewe unataka iwe kila mwezi. Na aliye kwenye mafunzo kwa vitendo Makete, atasaini wapi? Nijibu hilo kwanza.