Mawese, samli au alizeti kwa shughuli ya siku nne?

MjumbeKamati, Kirumba
Wakuu, sendoff Alhamisi, harusi Jumamosi, vunja kamati Jumapili, na wageni wa Magu na Sengerema wanakula kwetu muda wote. Baba ana sukari. Mpishi anataka mawese, bibi kaleta samli, mimi nawaza alizeti. Kwa siku chache hivi kuna tofauti?

NgoshaIgoma
Acha watu wale, mkuu. Mawese nafuu.

Nyanza77
Ngosha, subiri. Insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari ya damu, haishughuliki na sukari tu. Ukishakula, inaziambia seli za mafuta mwilini zifunge stoo. Zikiwa sugu haziisikii, asidi za mafuta zinavuja kwenye damu, zinatua kwenye ini na misuli, na huko nako insulini inaanza kupuuzwa. Hata wiki moja ya kula mafuta kupita kiasi inatosha kupunguza nguvu yake kwa mtu mwenye afya.

Aina nayo ina maana. Mwaka 2018 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya watu 38 wenye uzito uliozidi, walioongezewa kalori 1000 kila siku kwa wiki 3. Waliopewa siagi, jibini na mafuta ya nazi, mafuta ya ini yalipanda 55%, na seli zao zikazidi kuachia mafuta. Wa mafuta ya zeituni na njugu za pekani, mafuta ya ini yalipanda 15%, uvujaji ukapungua. Samli zaidi ya nusu yake ni mafuta yanayoganda, kama ya kundi la siagi, mawese karibu nusu, alizeti kama sehemu moja ya kumi.

NgoshaIgoma
Wiki tatu si siku nne.

Nyanza77
Sawa, na sijasema harusi itampa mtu kisukari. Ila baba yake tayari anacho.

MamaLishe_Mwaloni
Alizeti isiwadanganye, gramu moja ya mafuta yoyote ni kalori 9. Chipsi zikielea mmeharibu. Sato wachomwe, sangara apikwe mchuzi wa nyanya. Huyo mpishi nampa siku moja atanuna, atazoea. Na baba asiache dawa kwa sababu ya sherehe.

MjumbeKamati, Kirumba
Asante mama. Alizeti basi, na samli kijiko kwenye pilau ili bibi asione nimemdharau. Soda je? Kreti zimeshalipiwa.

Nyanza77
Kundi la tatu kule Finland lilipewa vya sukari. Mafuta ya ini yalipanda 33%.

NgoshaIgoma
Mie naomba kadi ya mwaliko tu.