MREJESHO: Lile swali la barafu la dogo

Wakuu, niliuliza kwa nini dogo akitia gramu 100 za barafu ya nyuzi 0 kwenye gramu 400 za maji ya nyuzi 30 anapata joto la mwisho la mchanganyiko nyuzi 24, wakati kitabu kinasema 8. Aliyesema tuangalie joto fiche (joto linaloyeyusha barafu bila kuipandisha nyuzi) kapatia. Kuyeyusha tu barafu hiyo kunakula jouli 33,600, na bado iko nyuzi 0! Maji yakishuka hadi 0 yanatoa 50,400. Zinabaki 16,800, gawanya kwa 2,100 (kilo 0.5 za maji yote mara 4,200, yaani jouli za kupandisha kilo moja ya maji nyuzi moja), unapata 8. Tumejaribu na jikoni, kipimajoto kiligota juu kidogo ya 8. Ni kwa sababu sufuria nayo ina joto lake. Sasa dogo kahamia kwenye swali la lifti inayopanda, kutafuta mkazo wa kamba yake. Hilo nitalileta kivyake.