Yaani mume wangu, mtu wa Kojani, aambiwe "hii si ngalawa"? Na mtu wa boti la kijani?

MkeWaMvuvi

Wakuu, leo sina hata salamu. Niko ndani ya basi, saa moja asubuhi, tope la mto Thames, hapa London, limenikaukia mpaka magotini na abiria niliyekaa naye kahamia kiti cha nyuma. Naandika kabla hasira hazijapoa.

Simtaji jina. Hana haja ya kutajwa, mnamjua. Yule yule wa boti la kijani, anayetutumia picha kila Jumapili kavaa kofia ya unahodha aliyonunua duka la nguo za sherehe. Aliyeshika maiki kwenye harusi ya watu akasema "maji yana wenyewe". Huyo huyo.

Katuita mimi na mume wangu: njooni mle miaka kumi ya ndoa yenu kwangu, wiki nzima, Uxbridge mpaka Windsor, kwa mfereji kisha mtoni, nyie mchangie dizeli tu. Dizeli pauni 400! Boti lenyewe sheria ya mfereji ni maili 4 kwa saa. Bata wanatupita, wanageuka kututazama, wanaendelea na safari zao. Kwa dizeli ya pauni 400 tungefika Pemba na kurudi na karafuu.

Sasa mume wangu, kwa asiyejua, kazaliwa Kojani. Kisiwa ambacho mtoto anajua bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) kabla hajamaliza alifu na be. Baba nahodha, babu nahodha. Ndiye huyu aliyeambiwa mbele ya Wazungu wanaokula chipsi: "Shemeji, kaa kitako, hii si ngalawa."

Someni tena. SHEMEJI, KAA KITAKO, HII SI NGALAWA.

Tuanze na loki, vile vyumba vya maji vyenye malango vya kupandisha na kushusha boti. Pale Norwood na Hanwell ziko nane zimefuatana, boti linashushwa kama ndoo kisimani. Unapewa mkono wa chuma, mzito kama spana ya lori, unauchomeka kwenye jino la lango, unazungusha maji yatoke, halafu unageuka unasukuma boriti la lango kwa makalio. Kwa makalio, wakuu. Miaka kumi ya ndoa nimeisherehekea kwa makalio. Loki zote nane ni mimi na mume wangu. Yeye? Kasimama kwenye usukani, kikombe cha chai mkononi, anapiga kelele "taratibu rangi!"

Tumefika Brentford, mwisho wa mfereji. Pale mbele ni Thames yenyewe, maji yanajaa na kupwa kama Pangani. Loki ya kutokea mtoni inafanya kazi kama saa mbili kabla ya maji kujaa na saa mbili baada, basi. Siku hiyo maji makuu ni saa tisa na nusu alasiri. Mume wangu kamwambia kwa adabu zote, ndugu yangu, mwezi mpevu huu, ni bamvua, tutoke saa nane hivi maji yanayojaa yatusukume wenyewe mpaka Teddington. Hata mashine haitachoka.

Unajua kajibu nini? "Nasubiri mwanga mzuri wa video."

Tumetoka saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Maji yanarudi baharini, sisi tunayapanda. Mashine inalia kama mbuzi wa Idi. Tunafika Isleworth, kaona watu wamekaa nje ya baa, kakata kona kuelekea ukingoni awapungie mkono. Mume wangu kaona rangi ya maji imebadilika. Kainuka, kachukua pondo, kasema maji yanapwa, rudi mkondoni.

Ndipo: "Shemeji, kaa kitako, hii si ngalawa." Na mkono kauelekeza kwenye kiti cha kukunja. Baa nzima inatazama. Hawajui Kiswahili lakini mkono ule waliuelewa.

Mume wangu kakaa. Hakusema neno. Kaweka pondo chini polepole, akakunja mikono.

Dakika tano. TUMEPWELEWA. Boti la mita kumi na saba limelala upande, vikombe vyote chini, na yule bwana anasema "wamefungulia maji huko mbele". Nani kafungulia? Mwezi?

Saa kumi na mbili na robo jioni mpaka karibu saa saba usiku, juu ya tope, kama jahazi bovu. Watu wa baa walitupungia wakati wa kuingia, wakatupungia tena wakati wanakwenda kulala. Na mume wangu saa zote zile kakaa kwenye kiti kile kile alichoonyeshwa. Nikimwambia inuka uende ndani, ananijibu: "Nimeambiwa nikae kitako."

Boti lilipoelea tu tukashuka na mabegi yetu. Na pauni 400 zangu nazitaka.

Urojo_Mkali

Nimechukua kiti cha mbele, cha kukunja.

Dada, kaswali kadogo: umelipa pauni 400 ukafungue malango nane ya mtu? Huku kwetu hicho ni kibarua, ila kibarua ndiye anayelipwa.

MzeeWaVijembe

Hii chai. Thames ni mto, bahari imeingilia wapi? Dada alikuwa Uxbridge kwa shoga yake, viatu kachafua bustanini.

BahariaMstaafu

Si chai. Maji ya bahari yanapanda Thames mpaka Teddington, ndipo loki inapoyazuia tangu 1811. Na pale Richmond kuna malango ya chuma tangu 1894, wanayateremsha ili juu yake mto usikauke. Isleworth iko CHINI ya hayo malango, upande wa baharini. Maji yakipwa pale ukingoni ni tope na kunguru. Tena ukikwama maji yanapwa, huondoki mpaka yarudi, hata umwite nani.

Ila dada, na mumeo naye. Mkojani mzima anaonyeshwa kiti anakaa?

MkeWaMvuvi

Ashike vipi usukani wa mtu na AMEAMBIWA HII SI NGALAWA??

Urojo_Mkali

Kwa haki, si ngalawa kweli. Ngalawa ingekuwa na matengo, yale magogo ya ubavuni, isingelala upande.

SukariGuru

Afadhali yenu mlikwama kwa maji. Sisi tulikwenda Ufaransa, Canal du Midi, boti la kukodi, wala hatukuulizwa leseni. Tumefika kwenye loki saa sita na nusu mchana kamili, mwenye loki anatutazama usoni, anafunga, anakwenda kula. Saa nzima kwenye jua la Agosti. Mfereji ule umefunguliwa 1681, mpaka leo hawajapata mtu wa zamu ya mchana? Na kivuli ndiyo hivyo, ile miti yao mikubwa ya kando imeingia ugonjwa wa ukungu, wanaikata kwa maelfu.

Hapo hapo mume wangu ananiambia ruka ukafunge kamba. Nikaruka. Kamba ikabaki botini. Nilitembea kando ya mfereji nusu saa nikimwona yeye anaelea katikati, anasoma kitabu cha maelekezo.

BahariaMstaafu

Hahaha. Kamba kwanza, mke baadaye.

Mpemba_wa_Rotterdam

Ninyi mnalia na loki, njooni Uholanzi mlie na madaraja. Kuna mahali mwenye daraja anakuteremshia kiatu cha mbao, kimefungwa kamba kwenye fimbo kama ya kuvulia, utie hela ya kupita. Mimi gizagiza nikatia sarafu ya shilingi 200 ya nyumbani. Jamaa kaivua, kaigeuza, kaitazama, kateremsha kiatu tena. Nyuma yangu maboti sita yanapiga honi. Mke wangu kajifungia chooni kwa aibu.

MzeeWaVijembe

Choo cha boti hicho nani anakimwaga? Hilo ndilo swali la ndoa, mengine kelele.

SukariGuru

Usinikumbushe. Kasha lile unalibeba mkononi kama sanduku la safari, unapita nalo mbele za watu wanaokunywa kahawa. Zamu yangu ilikuwa kila siku isiyo ya kwake, na siku zake sikuziona.

BiSufuria

Subirini kwanza. Boti la KIJANI? La Uxbridge? Huyo si ndiye aliyeazima sufuria langu la pilau la kilo kumi Idi ya mwaka jana?

MkeWaMvuvi

Lenye sikio moja limefungwa waya?

BiSufuria

HILO HILO.

MkeWaMvuvi

Liko dada, mbele ya boti. Ndimo anamoweka kamba zake.

BiSufuria

Kamba?? Zile zinazoburuzwa mferejini? Sufuria limepika pilau la hitima tatu na harusi mbili!

Urojo_Mkali

Na mimi namdai jiko la gesi na kibao cha mbuzi. Kibao cha mbuzi anakipeleka wapi kwenye boti?

MkeWaMvuvi

Anakalia akishika usukani. Wakuu, turudi kwenye mada, pauni 400 zangu

BiSufuria

Pauni utapata kazini. Mfuniko je? Mfuniko uliuona?

Mkojani_Kimya

Ni mume wa mwenye uzi. Mfuniko ndio tuliokombea tope.

BiSufuria

Ule mfuniko ni wa marehemu mama yangu.